Pembe za Chukudu

Mtu asafiriye kutoka Bukavu kwenda Goma kwa meli ya usiku hana budi kuvumilia mambo mawili: ngurumo ya mashine chini ya miguu yake, na maneno ya wasafiri wenzake, ambayo hayaishi hata kisiwa cha Idjwi kipitwe. Tulisafiri hivyo katika mwezi wa Agosti mwaka 2019, tukiwa na wanafunzi wawili wa sekondari. Majina yao hatuyataji, wala hatudhani watatulaumu kwa hilo. Tutamwita mmoja mkubwa na wa pili mdogo, ingawa walipitana kwa miezi michache tu.

Yule mkubwa alikuwa na gazeti la Kifaransa alilopewa na mjomba wake akaaye Ubelgiji. Ndani yake mlijaa picha za maonyesho ya magari ya Geneva ya mwaka ule. Wakalitandaza juu ya gunia chini ya taa, na mabishano yakaanza.

"Tazama hii, imelala kama samaki majini," alisema mkubwa.

"Lakini taa zake!" akajibu mdogo. "Kama mtu afinyaye macho juani."

Gari jingine lilikuwa na mdomo mpana wa vyuma mbele. Mkubwa akasema una adhama, mdogo akasema unafanana na mtu aliyesahau kufunga kinywa. Abiria wakasogea. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge aliomba gazeti, akaligeuza huku na huku, kisha akauliza kwa upole: "Na mizigo yangu nitaiweka wapi, wanangu?" Watu wote wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao, lakini moyoni tulikuwa upande wa yule samaki.

Desturi ya kukusanya magari mahali pamoja ili watu wayatazame na kuyahukumu si ya jana. Paris ilifanya maonyesho yake ya kwanza mwaka 1898, na Geneva mwaka 1905. Mwaka 1938 kampuni ya General Motors huko Marekani iliunda gari lililoitwa Buick Y-Job. Hilo halikukusudiwa kuuzwa. Lilikusudiwa kutazamwa, ili watengenezaji wajue watu watapenda nini kesho. Aliyeliwaza ni Harley Earl, ambaye maisha yake yote alitaka gari liwe refu zaidi na kimo chake kipungue. Tamaa hiyo iliwaambukiza wengi. Huko Geneva mwaka 1971 ilionyeshwa Lamborghini Countach, kazi ya Marcello Gandini, gari jembamba mbele kama kabari ya kupasulia kuni, ambalo mtu mzima akisimama kando yake paa humfikia kiunoni tu. Maonyesho ya Geneva yenyewe yamekoma. Mwaka 2024 waliokuwa wakiyaandaa walitangaza kwamba hayatafanyika tena mjini humo. Lakini usiku ule yalikuwa hai bado, nasi tuliwaeleza vijana habari hizi zote kwa majivuno kidogo, maana mwalimu hapendi kunyamaza palipo na kitu cha kusoma.

Katika mazungumzo hayo tulimwuliza mdogo, ambaye kwao ni Kibumba, kaskazini ya Goma, kwamba baba yake anafanya kazi gani. "Ni mchukuzi wa mizigo, Mwalimu," akajibu, kisha akafunua ukurasa mwingine upesi. Tukadhani ana lori.

Kabla ya mapambazuko tuliona wekundu juu ya mawingu upande wa kaskazini. Ni Nyiragongo, mlima wa moto wenye kimo cha meta 3,470, ambao Goma imekaa miguuni pake. Kulipopambazuka wekundu ule ukatoweka, mji ukaonekana ukingoni mwa ziwa, mweusi na mweupe: mweusi wa mawe, mweupe wa mabati yanayong'aa.

Mawe hayo ndiyo jambo la kwanza ambalo mgeni hulijua Goma, na hulijua kwa nyayo zake. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima uliteremka mpaka katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia ziwani. Ulipopoa ukawa mwamba. Watu hawakuuhama mji. Waliuvunjavunja mwamba ule wakajengea kuta, na mahali pengine wakapitisha njia juu yake vivyo hivyo ulivyoganda. Tarehe 22 Mei 2021, karibu miaka miwili baada ya safari yetu, mlima ulitapika tena, na mto wa moto ukasimama ukingoni mwa mji. Basi katika njia za mitaani gari hulia, huyumba, hujikwaa kama mzee asiye na fimbo.

Tulitoka bandarini tukafika mahali wanaposimama madereva wa teksi. Magari yao mengi ni Toyota zilizokwisha kutumika Japani, usukani ukiwa upande wa kuume, ingawa katika Kongo magari hupita kuume vilevile. Kwa hiyo dereva hukaa ukingoni mwa njia, na atakapo kulipita lori lililo mbele yake humwuliza abiria wa kushoto kama njia ni nyeupe. Hakuna aliyeona ajabu kwa jambo hilo.

Mkubwa hakuweza kujizuia, akalifunua gazeti. Wasomaji, laiti wale mafundi wa Geneva wangalikuwapo! Madereva sita au saba waliinama juu ya picha zile, na hukumu ikatolewa bila woga. Hawakuanza na uso wa gari kama tulivyofanya sisi melini. Walianza na tumbo. Mmoja aliweka kidole chini ya samaki wetu, kati ya chuma na lami, akapima. "Hili halitafika hata hapo kwenye duka la sukari. Litaacha mafuta yake yote juu ya jiwe la kwanza." Wa pili alitazama magurudumu, akasema mpira wake ni mwembamba kama mkanda, ukigonga mwamba ni chuma kitakachopasuka. Wa tatu, kijana mwenye kofia, alitetea: rangi ni nzuri, na mlango ufungukao kwenda juu ungemfaa sokoni, mahali ambapo hakuna nafasi ya kufungua kando. Wakamcheka, lakini neno lake lilikuwa na akili.

Tukawatajia gari la Italia, Fiat Multipla, lililoanza kuuzwa mwaka 1998. Watu wengi wa Ulaya walilicheka kwa sababu chini ya kioo cha mbele lina mkunjo, kama tumbo lililobanwa na mshipi. Tukaongeza kwamba lina viti vitatu mbele na vitatu nyuma. Kicheko kikakatika ghafula. "Watatu mbele, na dereva akiwa mmoja wao, bila kubanana?" akauliza mzee wao. "Mwalimu, gari hilo si baya. Waliolicheka hawajabeba abiria."

Tukawaambia pia habari za Citroën DS, iliyofunuliwa katika maonyesho ya Paris tarehe 5 Oktoba 1955. Husemwa kwamba watu 12,000 waliliagiza siku ileile. Umbo lake lilitoka mikononi mwa Flaminio Bertoni, Mwitalia, ambaye alikuwa mchonga sanamu. Na chini yake palikuwa na mitambo ya mafuta na hewa iliyoweza kuliinua na kulishusha gari lote. Mzee akasikiliza hata mwisho. "Linainua tumbo lenyewe?" Akatikisa kichwa taratibu. "Huyo mchonga sanamu alifikiri."

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu mpaka duara la njia liitwalo Rond-point Chukudu. Katikati yake imesimama sanamu ya rangi ya dhahabu, mtu na chukudu yake, iliyozinduliwa na Rais Joseph Kabila mwaka 2009 kwa heshima ya wachapakazi wa mji huu. Kwa wasomaji walio mbali na Kivu tuseme kwamba chukudu ni kama baiskeli ya mti isiyo na pedali wala kiti: ubao mrefu wa mkaratusi, gurudumu mbele, gurudumu nyuma, na usukani wa mti uliopinda kama pembe za ng'ombe. Magurudumu ni ya mti mgumu, yamezungushiwa mpira uliokatwa katika matairi makuukuu na kupigiliwa misumari. Mwenye chukudu hupiga goti moja juu ya ubao, husukuma ardhi kwa mguu wa pili, na penye mteremko hupanda, akaachia. Breki ni kipande cha mpira anachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Kwa namna hiyo hushusha kutoka milimani viazi, kabichi, makaa na mbao, mzigo wa kilo mia kadhaa.

Karibu na sanamu walipumzika wachukuzi watatu. Tuliwauliza wanaionaje. "Ni nzuri," alisema mmoja, "ila haijaona matope hata siku moja; ndiyo sababu inang'aa." Wa pili hakukubali. Alisema kila asubuhi akipita hapo huinua macho, kwa kuwa katika miji mingine ameona sanamu za wakubwa tu, na hapa amesimama mtu wa kazi yake.

Wa tatu hakuitazama sanamu. Alikuwa akimtazama mwanafunzi wetu mdogo. "Kijana, wewe si mtoto wa yule baba wa Kibumba, mwenye chukudu ya pembe ndefu?"

Mdogo akatazama viatu vyake. Tukaelewa mara moja jibu la melini, na uso ukatuwaka kwa aibu, kwa sababu usiku mzima tulikuwa tumesifu magari mbele yake na kuuliza maswali ya mtu asiyefikiri. Ada yake ya shule ilikuwa imeteremka mlimani kilo kwa kilo, juu ya ubao wa mti, chini ya goti la baba yake. Mkubwa alifunga gazeti. Hakusema neno, nasi tunamshukuru mpaka leo.

"Ndiye baba yangu," akasema mdogo.

"Namjua," akajibu yule mchukuzi. "Pembe zile huonekana kabla mtu hajaonekana. Fundi wake yuko juu huko, njia ya Rutshuru."

Tulikwenda. Karakana ya yule mzee ilikuwa kivuli cha bati kando ya njia, na vipande vya mti vimetapakaa kama mabaki ya karamu. Mzee alikuwa na tezo mkononi. Tulimsalimu, akatuketisha juu ya gogo, akaendelea na kazi. Alituambia kwamba chukudu huchukua siku mbili au tatu, kwamba huuzwa dola 80 hata 100, na kwamba ikitunzwa hudumu miaka miwili au mitatu. Alilalamika kidogo juu ya pikipiki za magurudumu matatu, zinazomnyang'anya wateja. Lakini hizo, alisema, hunywa mafuta, na chukudu hainywi kitu.

Hapo tukamwuliza swali tulilotoka nalo melini: je, pembe ndefu zilizopinda zina faida gani? Tulitazamia asifu nguvu zake, au jinsi zinavyosaidia kupiga kona. Mzee akatabasamu. "Za kushikia tu, Mwalimu, ungeweza kuweka fimbo iliyonyooka. Itakwenda. Lakini hakuna atakayeinunua. Mtu akija hapa hutazama kwanza pembe. Atalala nazo barabarani, atapanda nazo milima. Hataki kupanda na kitu kibaya." Kisha akageuza ubao, akatuonyesha mahali pa goti, palipotandikwa mpira na kupigiliwa kwa uangalifu, misumari imezamishwa isimchome mtu. "Akiisha kutazama pembe, huja hapa. Hupiga goti. Goti likikataa, pembe hazitanisaidia."

Miezi mitatu baadaye, katika Novemba 2019, Tesla ya Marekani ilionyesha gari liitwalo Cybertruck, la chuma kilichonyooka bila mviringo wowote, na wapenzi wa magari duniani wakagawanyika, hawa wakicheka, hawa wakishangilia. Tuliposoma habari zile tulimkumbuka mzee yule. Tungependa kujua angeanza kulitazama wapi.

Mkubwa, aliyekuwa kimya tangu kwenye sanamu, akalitoa gazeti na kumpa mzee. Alilipekua lote, ukurasa kwa ukurasa, kama asomaye barua. Mbele ya gari moja la kijivu alikaa sana, akafuata mstari wa ubavuni kwa ukucha wake toka taa ya mbele hata ya nyuma. "Huyu ana mkono," akasema. Ni gari ambalo sisi sote watatu tulikuwa tumelipita bila kulitazama.

Kisha akamgeukia mdogo. "Wewe umekulia karibu na kazi yangu. Nimemaliza hii leo asubuhi. Sema unavyoiona."

Kijana aliizunguka chukudu mara mbili. Alipiga goti mahali pa goti, suruali ya shule na yote, akashika pembe, akafumba jicho moja. Tulimwona akisita, ni vigumu kumkosoa mzee.

"Baba," akasema, "ya kushoto imeshuka kidogo."

Mzee akaja akasimama mahali pake, akainama, akatazama muda mrefu. Kisha akanyosha mkono nyuma, bila kugeuka, akitafuta tezo.