Daraja Lililohama

Leo twende Uingereza kwa baiskeli. Kutoka Fairholmes njia yafuata mabwawa ya Derwent na Howden mpaka Slippery Stones, penye daraja la mawe. Zamani lilikuwa katika kijiji cha Derwent. Miaka ya 1940 kijiji hicho kilifunikwa na bwawa la Ladybower, ili miji ipate maji. Wafu walihamishiwa makaburi ya Bamford. Mnara wa kanisa ulibaki peke yake, ukabomolewa mwaka 1947. Daraja lilivunjwa, likajengwa tena hapa. Ng'ambo yake njia ya mawe yarudi chini ya vilima visivyo na miti, vyenye udongo mweusi na maua ya zambarau. Mpanda baiskeli, shuka kidogo darajani: maji ya mjini yamepita juu ya nyumba za watu.