Sahihi ya Mdhamini

Minneapolis, Aprili

Ndugu zangu wa Songea,

Huku theluji ndiyo kwanza inamalizika kuyeyuka, na huko najua mvua zinaelekea ukingoni na mahindi yameanza kukauka shambani. Barua ya mwezi huu nilitaka niwaandikie habari nyingine kabisa, lakini Jumapili iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Lizaboni, na tangu siku hiyo nina jambo moja tu kichwani.

Alianza kwa furaha. Binti yake, aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana, amepata chuo Marekani, tena kwa skolashipu ya dola 14,000. Nyuma ya sauti yake nilisikia vigelegele. "Kaka," akasema, "Mungu ametukumbuka. Imebaki fomu moja tu, inataka mdhamini anayeishi hukohuko. Nani mwingine kama si wewe?" Akampa binti simu. "Shikamoo mjomba." Marahaba, mama. Nikamwomba anitumie barua ya chuo yote, kurasa zote, si ule wa kwanza tu wenye nembo na pongezi.

Nikaisoma usiku jikoni, watoto wamelala. Skolashipu ipo, ni ya kweli. Ila ukurasa wa tatu una hesabu nyingine: ada, chumba, chakula, bima ya afya ambayo ni lazima, vitabu, nauli, matumizi madogomadogo. Jumla yake ni dola 38,000 kwa mwaka. Ukitoa zile 14,000, zinabaki 24,000. Na shahada ni miaka minne.

Hesabu hiyo niigeuze iwe ya kwetu. Tuchukue dola moja kwa shilingi 2,500: hizo 24,000 ni shilingi milioni 60. Gunia la mahindi la kilo 100, hata ukibahatika kuuza kilo kwa shilingi 700, linakupa shilingi 70,000. Maana yake dada yangu auze magunia zaidi ya 850 kila mwaka, kwa miaka minne, na asibakize hata debe la kula. Shamba lake ni ekari tatu. Mwaka wa neema, mbolea ikifika kwa wakati, huvuna magunia hamsini.

Siwalaumu mlioshangilia, maana neno lenyewe linapotosha. Kwetu ukisema mtoto amepata skolashipu, watu wanaelewa kwamba analipiwa. Huku neno hilohilo mara nyingi ni punguzo la bei: chuo kinaandika ada kubwa, kisha kinakata sehemu yake na kukuita mteule. Vyuo vinavyolipa kikwelikweli vipo. Harvard, Yale, Princeton na MIT huangalia kwanza kama mwanafunzi anafaa, hata akitoka nje ya Marekani, bila kujali mfuko wa mzazi, kisha huziba pengo ambalo mzazi hawezi kuliziba. Lakini nafasi hizo zinagombewa na dunia nzima, na chuo cha mpwa wangu si cha aina hiyo. Kwa hiyo mkipokea barua kama ile, ulizeni gharama yote ya mwaka mmoja, halafu ulizeni ni nani analipa kila senti yake. Ada peke yake haiwaambii kitu.

Pengo lile la dola 24,000 Mmarekani analizibaje? Anajaza fomu ya serikali iitwayo FAFSA. Akionekana hana uwezo anapewa ruzuku ya Pell, ambayo haizidi dola 7,395 kwa mwaka, na juu yake mkopo wa serikali. Hapa Minnesota, tangu mwaka 2024, kuna mpango uitwao North Star Promise: familia yenye kipato kisichofikia dola 80,000 kwa mwaka, mtoto wake husoma vyuo vya umma vya jimbo bila kulipa ada. Mwanangu anaweza kunufaika nao. Mpwa wangu hawezi, kwa kuwa atakuja na viza ya mwanafunzi, na mwenye viza hiyo hagusi fedha ya serikali. Kazi ataruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, ndani ya eneo la chuo. Na kabla hata ya kupewa miadi ya viza, atatakiwa athibitishe kwamba fedha ya mwaka wa kwanza ipo, ndipo chuo kimwandikie I-20, hati ya kuombea viza.

Inabaki benki binafsi. Benki nyingi hazimkopeshi mgeni asiye na mtu, zinataka raia au mkazi wa hapa atie sahihi pamoja naye. Ile fomu moja aliyosema dada kwamba imebaki ndiyo hiyo. Mpwa wangu akishindwa kulipa, watakuja kwangu, kwa mshahara wangu na nyumba ninayoishi na watoto wangu.

Niwaambie na habari ya mama mmoja ninayefanya naye kazi, katika nyumba ya kutunzia wazee. Ni muuguzi, mzaliwa wa hapa, ana miaka 52. Alikopa ili asomee uuguzi wakati watoto wake wakiwa wadogo. Leo ni bibi, na bado analipa. Kuna miaka alilipa kidogo kwa sababu ya shida, na riba ikawa inakimbia kuliko malipo yake, hadi deni likazidi kile alichokopa. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali ilisimamisha marejesho, na baadaye Rais Biden akaja na mpango wa kuwafutia watu dola 10,000, na kwa waliowahi kupata ruzuku ya Pell hadi 20,000. Mama yule alikuwa miongoni mwa hao wa 20,000. Tarehe 30 Juni 2023 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hii ikaukataa mpango huo. Siku ile wakati wa mapumziko ya mchana alikaa ndani ya gari lake peke yake, hakula. Oktoba marejesho yakaanza tena. Nchi hii ina wadaiwa wa namna yake zaidi ya milioni 40, na deni lao kwa serikali linazidi dola trilioni 1.6. Hata ukitangazwa muflisi mahakamani, deni la masomo halikuachii kirahisi kama madeni mengine.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu zote za kumkatalia dada. Lakini neno hilo, mdhamini, lilinizuia usingizi kwa sababu nyingine, na hiyo sijawahi kuwaandikia.

Mwaka 2008, nilipopata chuo kikuu, niliomba mkopo wa Bodi. Bodi ya Mikopo ilikuwa bado changa, imeanza kazi mwaka 2005 tu. Fomu ilitaka mdhamini. Baba yangu alikuwa ameshafariki, nikaenda kwa baba mdogo pale Mfaranyaki. Alikuwa fundi seremala. Aliazima koti kwa jirani akapige picha ya paspoti, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaenda mahakamani kugongewa muhuri. Alitia sahihi polepole, herufi moja moja. Tulipotoka akaniambia, "Jina langu umelibeba wewe."

Nikasoma. Bumu, ile posho ya Bodi, likitoka tunakula, likichelewa tunabebana vitandani na kukopeshana. Nilihitimu 2011, na 2013 nikaja huku. Nyumbani mwajiri anakata asilimia ya mshahara kabla hujauona. Huku hakuna anayekata. Nilituma fedha za misiba, za harusi, za bati za nyumba ya mama, na ya Bodi nikawa nasema mwakani. Miaka ikapita hivyo.

Baba mdogo alifariki 2019. Nilikuja kumzika, wengine mliniona. Usiku wa matanga mwanawe wa kwanza aliniita nyuma ya nyumba akaniuliza kwa adabu kama lile deni nimeshalimaliza. Akasema kila Bodi ilipotangaza wadaiwa sugu, mzee alikuwa akimtuma akaangalie orodha kama jina langu limo. Hakuwahi kuniuliza mwenyewe hata siku moja. Sikuwa na jibu la kumpa mdogo wangu yule, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Wala si mimi peke yangu niliyebebwa hivyo: Ruvuma yetu imesomeshwa na watu wengine tangu zamani. Oscar Kambona, mtoto wa ufukwe wa Nyasa, husimuliwa kwamba baba yake hakuwa na ada ya kumpeleka shule ya Alliance kule Dodoma, na yeye akamsomea askofu Mwingereza Sala ya Bwana kwa Kiingereza, askofu akakubali kumlipia. Wangapi walisoma Peramiho na Kigonsera kwa namna hiyo? Kizazi cha walimu walionifundisha kilisoma chuo kikuu bure, kwa fedha ya nchi maskini iliyojinyima. Uchangiaji wa gharama ulikuja miaka ya 1990, na baadaye Bodi. Mimi nilisomeshwa na mkulima wa Namtumbo na mvuvi wa Mbamba Bay kwa kodi yao, na mdhamini wangu alikuwa seremala.

Nilianza kulipa 2021. Mwaka huo, siku ya Mei Mosi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza pale Mwanza kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo inaondolewa, na mwaka huohuo adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo ikafutwa. Wapo waliosema ni kuwadekeza wadaiwa. Mimi nimemwona muuguzi yule ndani ya gari lake, na nasema ulikuwa uamuzi sahihi. Deni linalokua mtu akiwa hana kazi halimfundishi kulipa, linamkatisha tamaa. Nitasema na hili: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, iliyopandishwa 2016 kutoka asilimia 8, ni mzigo mkubwa kwa mwalimu aliyepangiwa Tunduru jana na bado hajanunua hata godoro. Ningependa makato yawe madogo kwa anayeanza kazi, yapande mshahara unapopanda. Lakini hoja hiyo ni ya mwalimu wa Tunduru. Sisi tulioko huku hatuwezi kujificha nyuma yake.

Jumatano nikampigia dada. Nilimwambia sitatia sahihi, nikamweleza hesabu yote, ukurasa wa tatu nao tukausoma pamoja. Alinyamaza muda mrefu. Binti alilia, nami sikumkataza. Chuo kinataka jibu kufikia Mei 1, na jibu litakuwa hapana.

Mpwa wangu, haya yanayofuata nimekuambia kwa simu, nayaandika ili na wenzako wayasome. Ada ya mwaka katika vyuo vyetu vingi vya serikali ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 hivi. Bodi, ukipangiwa mkopo, inalipa ada kwa kiwango utakachopewa, na fedha ya chakula na malazi, ambayo tangu 2022/23 imepanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Siku hizi hata wa stashahada katika fani kadhaa wanakopeshwa. Chuo cha Uhasibu Arusha kimefungua kampasi hapohapo Songea, unaweza kulala kwa mama yako. Mwaka jana hukuomba kwa sababu macho yako yalikuwa huku. Mwaka huu usisubiri dirisha la maombi ya mkopo lifunguliwe ndipo uhangaike: cheti chako cha kuzaliwa, na cha kifo cha baba yako, vikahakikiwe mapema kwa wakala wa usajili, RITA, maana wengi hukosa mkopo kwa karatasi, wakati uhitaji wao ni wa kweli. Ada ya maombi, shilingi 30,000, nimeshaituma. Pengo ambalo Bodi haitaliziba nitaliziba mimi, kila mwezi, kwa fedha ninayoiona, si kwa sahihi. Huku njoo kwa shahada ya pili au ya tatu. Ngazi hiyo, hasa ya tatu, vyuo vingi humfutia ada mwanafunzi na kumlipa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, na ipo skolashipu ya Fulbright, ambayo imekuwa ikileta Watanzania huku.

Na wenzangu wa Songea mlioko Minneapolis, Houston, London, Muscat, mliosoma kwa mkopo: ingieni kwenye mfumo wa Bodi, ombeni namba ya malipo, anzeni na kiasi chochote. Majina ya wadhamini wetu bado yako kwenye zile fomu.

Mimi nimebakiza miezi saba. Nikimaliza, nitamwomba dada achukue nakala ya hati ya kumaliza deni ampelekee mama mdogo pale Mfaranyaki, kwa sababu jina la mumewe ndilo lililoandikwa pale.

Wenu wa ughaibuni.