Uwanja wa Wareno Kando ya Mto Tagus

Wareno si wageni kwa watu wa pwani yetu, kwani Fort Jesus, waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593, ingali imesimama. Lakini ni wachache kati yetu wajuao mahali mali yao ya ng'ambo ilipopokewa. Mahali hapo ni uwanja mkubwa mjini Lisbon, ukingoni mwa mto Tagus, karibu na uingiapo baharini.

Mwanzoni mwa karne ya 16 Mfalme Manuel aliiacha ngome yake ya mlimani, akahamia jumba jipya kando ya maji. Hapo hapo ilikuwako Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya pilipili manga ya Bara Hindi, pamoja na dhahabu na pembe za Afrika. Mfalme akaishi juu ya bohari yake, kama mwenye duka!

Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, nchi ilitetemeka. Waliokimbilia mtoni wasiangukiwe na kuta walikutwa na mawimbi, kisha moto ukawaka siku kadhaa. Jumba likaangamia pamoja na vitabu vyake. Mfalme José alisalimika, lakini akaogopa kulala chini ya mawe, akakaa katika makao ya mbao hata kufa kwake mwaka 1777.

Waziri wake, aitwaye baadaye Marquês de Pombal, hakulirudisha jumba. Wahandisi wake walichora uwanja wa pembe nne: pande tatu majengo ya serikali yenye vibaraza vya matao, upande wa nne maji matupu. Ukaitwa Uwanja wa Biashara, ijapokuwa wenyeji hata leo husema Terreiro do Paço, yaani uwanja wa jumba la mfalme.

Mgeni hutazama kwanza sanamu ya shaba ya José juu ya farasi, kazi ya Machado de Castro iliyozinduliwa mwaka 1775. Kwa maoni yangu, lililo bora halionekani. Ndani ya kuta za mitaa iliyojengwa upya nyuma ya uwanja, mafundi waliunga mbao za wima, za kulala na za mshazari, zikapigana misalaba, kisha wakajaza mawe na chokaa. Wareno huuita ujenzi huo kizimba. Nchi ikitikisika, mbao hupinda kidogo bila kuachana. Hata mawe yakidondoka, nyumba hubaki imesimama. Yasemekana mfano wake ulijaribiwa kwa askari walioamriwa kupiga hatua za kishindo kando yake. Tena, ardhi ikiwa tope, misingi iliwekwa juu ya magogo ya msonobari, ambayo hayaozi maadamu yamezama majini. Aliyeziona boriti za mikoko za Lamu hatashangaa.

Mwaka 1908 Mfalme Carlos na mwanawe mrithi waliuawa kwa risasi pembeni mwa uwanja huo. Na alfajiri ya tarehe 25 Aprili 1974 askari walioasi walipanga magari yao ya vita mbele ya wizara zile zile. Serikali ikaanguka siku hiyo, na mwaka 1975 Msumbiji ikapata uhuru, miaka 477 tangu merikebu za Vasco da Gama kutia nanga huko.

Baadhi ya wizara zimekwisha kuhama, na chini ya matao mna mikahawa. Ngazi za mawe hushuka mtoni kati ya nguzo mbili, na zile za chini hufunikwa kila maji yajaapo.