Jumamosi za Ukumbi wa Parokia

Katika miaka ya tisini, Wakatoliki Wakrioli wa Houston, Texas, watu weusi wenye asili ya Louisiana, walikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Parokia zao ziligawana Jumamosi. Wiki hii dansi iko kwetu, wiki ijayo iko kwenu, ili parokia mbili zisigombanie bendi moja na mifuko ile ile. Bendi ya zydeco, muziki wao wa kodiani na bati, ikishakodiwa, kina mama waliwasha majiko tangu mchana, na ilipofika saa mbili usiku hapakuwa na pa kuegesha gari. Kilichopatikana mlangoni kilikwenda kuziba paa la kanisa au kusaidia shule ya parokia. Jumatano ya Majivu ikiingia, kodiani zilirudishwa makashani hadi Pasaka, ndiyo sababu Jumamosi za mwisho kabla ya Kwaresima ukumbi ulifurika hadi milango ikaachwa wazi kwa joto.

Nilipelekwa huko na mama mmoja tuliyefanya naye zamu ya usiku katika nyumba ya kulea wazee. Alizaliwa Louisiana, upande wa Opelousas, na aliniita cher, yaani mpendwa, kama alivyomwita kila mtu, hata daktari. Siku moja aliniuliza kama kwetu Murang'a, Kenya, watu hucheza Jumamosi. Nikamweleza habari za mwomboko: mtu mmoja na kodiani, mwingine anagonga karing'aring'a, ile pete ya chuma, na watu wawili wawili wameshikana, hatua mbili kisha wanainama. Alinisikiliza huku akikunja mashuka.

"Basi wewe hutapata shida," akasema. "Njoo na viatu vya soli ya ngozi. Za mpira zitakushika sakafuni."

Nikapewa kiti karibu na jukwaa, na kilichonishangaza kwanza hakikuwa kodiani. Kodiani nilikuwa naifahamu tangu utotoni. Ni yule mpiga bati. Alikuwa amevaa kizibao cha bati la mikunjo juu ya shati lake, kimeshikiliwa na mabega mawili yaliyopindwa katika bati lile lile, bila kamba wala mkanda. Mikononi alikuwa na vifungua chupa, anavikwaruza kifuani juu chini, mara anagonga ubavuni, mara mkono mmoja unatulia ili wa pili ukimbie. Katikati, pale vyuma vinapopita kila wiki, bati lilikuwa limelika na kung'aa. Huku pembeni lilikuwa bado na rangi yake ya dukani. Niliusikia mlio wake magotini kabla haujafika masikioni.

Kizibao hicho kilizaliwa hapa hapa Texas. Zamani mpigaji aliushika mkononi ubao wa kufulia nguo, au akauning'iniza shingoni kwa kamba. Mwaka 1946, huko Port Arthur, mji wa viwanda vya mafuta, kijana mmoja aitwaye Clifton Chenier alimchorea fundi chuma Willie Landry umbo alilolitaka. Alilichora chini, mchangani. Landry akakata bati, akalikunja, na aliyelivaa akawa Cleveland, kaka yake Clifton. Tangu hapo mpiga bati akawa na nafasi ya kusimama wima, kutembea na hata kucheza.

Huyo Clifton ndiye waliyemwita mfalme, na taji alivaa kweli, jukwaani, bila kuona haya. Alipiga kodiani kubwa ya vibao vya piano, akauingiza muziki wa blues ndani ya nyimbo za Kifaransa cha nyumbani kwao, na kile kilichokuwa kikipigwa majikoni kikaanza kujaza kumbi. Mwaka 1964 mpigaji wa blues Lightnin' Hopkins alimpeleka Chris Strachwitz, mwenye kampuni ndogo ya santuri ya Arhoolie, kwenye baa ya mtaa wa Frenchtown, Houston. Wakamkuta Chenier na kodiani yake na mpiga ngoma mmoja tu. Miaka ishirini baadaye alikuwa na tuzo ya Grammy. Figo zikamchosha, akawa anasafishwa damu kwa mashine huku bado anapanda jukwaani, hadi alipofariki Desemba 1987. Mimi sikumwahi. Yule mama alimwahi, na alipomtaja aliteremsha sauti kidogo, jinsi watu wa kwetu wanavyomtaja mzee wa ukoo.

Frenchtown yenyewe ni sehemu ya kitongoji cha Fifth Ward. Wakrioli, watu weusi wa kusini-magharibi mwa Louisiana waliosema Kifaransa na kusali Kikatoliki, walianza kuijenga mwaka 1922, na gharika ya mto Mississippi ya mwaka 1927 ikaleta wengine. Walikuja na la-la, dansi zao za majumbani. Vitanda vinatolewa nje, kodiani inawekwa kona, mwenye nyumba anauza gumbo, mchuzi mzito wa kwao, na kina mama wanakaa ukutani kuangalia nani anamshika nani na kwa umbali gani. Walipopata kanisa lao, Our Mother of Mercy, na baadaye kumbi za parokia, la-la ilihama na wale kina mama wakahama nayo. Niliwakuta bado wamekaa ukutani.

Kila familia ilikuwa na meza yake ndefu iliyotandikwa karatasi. Kinywaji unakuja nacho, barafu unanunua kwao. Dirishani pa jikoni waliuza gumbo nyeusi ya unga uliokaangwa mafutani kwa subira, na boudin, ile soseji ya wali na nyama ambayo wenyewe huikamua mdomoni na kuacha ngozi. Watoto walicheza hadi wakachoka, wakalazwa juu ya viti viwili vilivyounganishwa, wamefunikwa makoti. Hakuna aliyewanyamazishia muziki.

Na kulikuwa na sheria ya meza yetu, ambayo sidhani iliwahi kutamkwa. Kijana hakwenda kumwomba msichana wa meza nyingine kabla hajamchezesha nyanya yake valsi moja. Nilimwona kijana mrefu, kofia ya Stetson mkononi, akimwinua bikizee aliyekuja na mkongojo. Mkongojo ukaachwa kitini. Bikizee hakunyanyua mguu hata kidogo. Aliutelezesha, na soli zake zikatoa mchakacho mdogo sakafuni kila pigo la kwanza kati ya matatu. Kijana ndiye aliyekosea hatua, naye bikizee akamrudisha kwa kumbonyeza bega. Nadhani hapo ndipo nilipoielewa zydeco. Hata katika mapigo ya haraka uzito unabaki chini, magoti yamelegea, kichwa hakirukiruki. Ukimwona mtu anarukaruka, ujue amejifunzia mbali.

Sitaki kuyapamba ya zamani. Wakrioli walikuwa na kumbi zao kwa sababu kwa Wazungu hawakuruhusiwa kuingia, isipokuwa kama wapigaji. Amédé Ardoin, ambaye kodiani yote ya Louisiana ina deni kwake, alirekodi mwaka 1929 pamoja na Dennis McGee, Mzungu mpiga fidla, na aliitwa kwenye dansi za pande zote mbili. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja binti wa Kizungu alimpa leso ajifute jasho, na baada ya dansi wanaume wakamvizia wakampiga vibaya. Hakurudi kuwa yule yule. Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Pineville mwaka 1942. Ukumbi ambao ninaulilia mimi ulijengwa pia na hofu hiyo: hapa ndani, angalau, mtu anaweza kufutwa jasho.

Kumbi zikaanza kwenda moja moja. Continental, iliyokuwa ukumbi mkubwa wa zydeco hapa Houston, ilifungwa mwaka 1997. Kule Louisiana, Richard's Club ya Lawtell, banda la mbao la tangu 1947, ilibadilishwa jina na mwishowe ikateketea kwa moto. Slim's Y-Ki-Ki ya Opelousas, umri mmoja nayo, ikafunga milango. Wapiga kodiani nao walikuwa wakiondoka: John Delafose alikuwa amefariki mwaka 1994 baada ya kupiga pale Richard's, Beau Jocque mwaka 1999, Boozoo Chavis mwaka 2001. Barabara kuu zilikuwa zimekwisha kuikata Fifth Ward vipande. Kasino nazo zikaja na viyoyozi na maegesho yenye taa. Moja ilifunguliwa Opelousas kwenyewe mwaka 2003, uwanja wa mbio za farasi ukafuata baadaye, na mzee mwenye senti zake za Jumamosi akapata pengine pa kuzipeleka.

Hayo husemwa na wote. Mimi nina langu, nalo linahusu jikoni. Zile dansi za parokia zilisimama juu ya mikono ya kina mama kama kumi katika kila ukumbi, waliokuja saa sita mchana, wakaondoka baada ya kupiga deki saa nane usiku, na hakuna aliyewalipa hata nauli. Walipozeeka, binti zao walikuwa wauguzi, walimu, maofisa wa benki, watu wenye zamu za Jumamosi. Nani angekoroga unga wa gumbo nusu saa bila kuuacha? Parokia zikaanza kuleta chakula cha kununuliwa, kiingilio kikapanda kufidia, familia ya watu saba ikapiga hesabu ikabaki nyumbani. Bendi haikupungua ubora hata siku moja. Siku hizi dansi za parokia zipo mara chache kwa mwaka, na ukifika unakuta watu wa umri wangu, wamevaa vizuri, wanaangalia saa.

Lugha nayo ilikuwa imetangulia. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 iliamuru Kiingereza mashuleni, na yule mama alikumbuka wazazi wake wakieleza viboko vilivyowapata kwa kusema lugha ya nyumbani. Nilimweleza kuhusu kile kibao tulichovalishwa shingoni shuleni kwa kusema Kikuyu. Tukacheka, maana tungefanya nini. Yeye aliimba mistari yote ya Kikrioli kwenye dansi, lakini wajukuu wake hakuwafundisha. Mwaka 2025, Chenier alipotimiza miaka mia tangu kuzaliwa, Rolling Stones walishiriki katika albamu ya kumkumbuka, na Mick Jagger akaimba kwa Kifaransa cha Kikrioli. Aliimba vizuri, sina neno. Ila nilijikuta nawahesabu kichwani Wakrioli vijana ninaowajua hapa Houston ambao wangeweza kumjibu, na hesabu ilikwisha mapema.

Na bado itakuwa uongo kusema zydeco imekufa. Imehamia kwenye farasi. Wikendi, vijana wa Texas na Louisiana hufanya misafara: farasi mbele, mikokoteni na malori nyuma, moshi wa nyama, na mwisho wa njia jukwaa na spika zinazotikisa kifua. Chris Ardoin, mjukuu wa Bois Sec Ardoin ambaye alikuwa binamu wa Amédé, anaipiga kodiani juu ya midundo ya R&B na hip-hop, na umati unaimba naye neno kwa neno, kwa Kiingereza. Kizibao cha bati kipo palepale kifuani mwa mpigaji. Wengi hucheza wamejipanga kwa mistari, kila mtu peke yake, hatua zinafanana, na ukweli ni kwamba wanapendeza.

Kwingine zydeco imekuwa somo. Kuna saa ya mafunzo kabla ya dansi, mwalimu ana kipaza sauti, na watu wazima wenye chupa za maji wanahesabu hadi nane. Nawaheshimu, kwa sababu bila tiketi zao bendi nyingi zisingeweza kusafiri. Lakini hakuna bikizee ukutani, na hakuna mtoto chini ya koti. Mwomboko nao nimeuona hivyo hivyo nilipokwenda likizo nyumbani: kikundi cha wazee wenye sare, sikukuu ya taifa, dakika chache mbele ya wageni waheshimiwa, kisha wanapanda basi.

Binti yangu, mzaliwa wa Houston, amechoka na maneno haya. Yeye ni mtu wa misafara, ana buti tatu na kofia mbili. Nilipoanza tena habari za ukumbi alinikatiza.

"Baba, wewe ulienda kule kama mgeni, ukapewa kiti mbele. Waulize waliokulia pale. Rafiki zangu wanasema shangazi zao walikuwa wanawahesabia hata pumzi."

Nikasema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa, na hilo ndilo ninalotaka kulisema.

"Basi sisi hatulitaki."

Sikuwa na jibu la haraka. Amesema kweli: kile nilichokiita uangalizi wa kina mama, kwa msichana wa miaka kumi na sita kilikuwa ukuta wenye macho. Isitoshe, hao vijana wanapanga misafara yao wenyewe, wanakodi bendi, wanachoma nyama, wanaokota takataka asubuhi. Kuna mikono inayofanya kazi pale bila malipo, ila ni mipya na siijui.

Amenialika Jumamosi ijayo. Kiingilio ni juu yake, na ameniambia nisije na tai. Nimeuliza kama bendi itapiga hata valsi moja. Akasema atawauliza, lakini nisiweke matumaini, na kwamba kule ni nyasi tupu, viatu vyangu vya soli ya ngozi nivibakishe nyumbani.