Pima Hata Ile Spora Hujaipenda

Wasee, leo nina maoni kuhusu mawe. Ngojeni kwanza, msiondoke.

Ukitembea hapa Bulla Pesa, angalia jiwe lolote lililokaa nje miaka mingi. Utaona madoa ya kijivu, manjano, mengine rangi ya chungwa, kama rangi iliyomwagika ikakauka. Si uchafu. Ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani vikiishi kama mwili mmoja. Mwani unapika chakula kwa mwanga wa jua, kuvu inaupa makao.

Kuna kitabu, Macrolichens of East Africa, cha Swinscow na Krog, kilitoka 1988. Kazi kubwa sana. Lakini kinashughulikia zile zenye umbo kubwa, kama zile ndevu zinazoning'inia kwa miti ya Mlima Kenya. Hizi za kugandamana na jiwe ni hadithi nyingine. Mbili zinaweza kufanana kama mapacha, na picha ya simu haitakusaidia. Mara nyingi lazima upime spora.

Unatafuta doa lenye visahani vidogo juu yake. Unalowesha kisahani kwa tone la maji, halafu kwa wembe mpya unakata kipande chembamba mpaka mwanga upite. Weka kwa kioo, ongeza tone la maji, funika na kioo chembamba, gonga polepole na kifutio cha penseli. Spora zinatoka kwa vifuko vyao, mara nyingi 8 kwa kila kifuko. Kuna wanaolainisha na potasi, lakini potasi inaweza kuzifurisha, kwa hivyo mimi napima kwa maji. Spora ya maikromita 15 ni ndogo hivi: zaidi ya 60 zikipanga laini ndio zinajaza milimita moja.

Sasa hapa ndipo kuna kazi. Jicho linataka ile kubwa, safi, iliyokaa vizuri. Ukipima hizo tu, wastani unapanda, na jiwe lako linapewa jina la spishi nyingine. Atakayekuja baadaye atajenga juu ya huo uongo. Kwa hivyo unapima 20 au 30, bila kuchagua. Unaruka changa na zilizopasuka. Ile haikupendezi, hiyo huruki.

Sisi watu wa Isiolo tunafaa kuelewa hii haraka kuliko wengine. Mara ngapi mji wetu unaonyeshwa kwa picha mbili tu, ukame na wizi wa mifugo? Hizo picha si uongo. Lakini mtu alichagua mbili, akaacha zingine zote, halafu akasema huo ndio wastani wetu.

Watu huniuliza kama hii kazi inaleta pesa. Bana, kuishi Bulla Pesa si lazima kila kitu kiwe pesa. Mimi nataka siku moja mawe ya huku yawe na majina sahihi, yaliyopimwa na mtu wa huku.