PIKAPU YA NYUMBANI: TURUBAI AU KIFUNIKO CHA KUUZIA SURA?

Wiki hii mambo ya mapenzi tuyaweke pembeni kidogo. Wale mlioniandikia kuhusu wachumba wenu nimewasoma wote, vumilieni. Leo nataka tuzungumzie kitu tunachokiona barabarani kila siku bila kukifikiria: mgongo wa pikapu, na kile kinachoufunika. Usicheke! Nyumbani kwetu jambo hilo lilibaki kidogo tu litie familia nzima ugomvini.

Pikapu yetu ni Toyota Hilux ya kebini moja, aliyoiacha marehemu baba. Jina lenyewe la Hilux, waliolibuni Wajapani mwaka 1968 walikuwa na maana ya anasa ya hali ya juu. Du! Waje waione ya kwetu inavyonuka vitunguu. Alfajiri inabeba ndizi na nyanya kutoka sokoni Mabibo na kuwapelekea mama lishe na shule mbili. Mchana inapeleka sembe na mafuta ya kula madukani. Mwisho wa mwezi, kama mnavyojua wapangaji wa mji huu, inahamisha watu: godoro, kabati, jiko la gesi, na mwenye mali kaja juu ya godoro anashikilia televisheni. (Trafiki akituona huyo wa juu ya godoro huwa anashushwa, na ni haki yake ashushwe.)

Dereva ni braza. Mwenye mali ni Mama. Mimi ni yule aliyemaliza Fomu Foo, anayeandika kwenye magazeti, kwa hiyo nikabebeshwa daftari na futi ya kupimia. "Wewe ndiye uliyesoma," Mama akasema, "nitafutie kitu cha kufunika hiyo gari, hela ya upatu nimeipata, lakini nikisikia umekubaliana na kaka yako kabla ya kuniambia, mtanitambua."

Maana Mama alikuwa amechoka. Masika yaliyopita mvua iliwakuta kwenye foleni Tabata, na lile turubai letu la bluu la plastiki lilikuwa limeshapasuka kama gazeti la mwaka jana. Mifuko kumi na miwili ya sembe ikawa uji. Haikupita mwezi, kwenye foleni nyingine, vijana wakadandia nyuma wakaondoka na katoni mbili za mafuta. Braza yuko kwenye usukani, anawaona kwenye kioo, atafanya nini? Akishuka, waliobaki wanamaliza zilizobaki.

Hayo maturubai ya bluu nisiyaseme vibaya sana, ni rahisi na ni mepesi, kwa msiba au kwa kuanikia mpunga yanafaa. Lakini ni plastiki iliyofumwa, na jua letu hili linaila plastiki. Ukiacha juani mchana kutwa, miezi michache tu linaanza kuchakaa na kutoa unga mikononi. Kwa gari inayoshinda juani ni kununua leo ili ununue tena kesho.

Basi bwana, braza alikuwa na lake. Alikuwa ameshaona mahali kile kifuniko bapa cha faiba, cheusi ti, kinachong'aa, kinalala juu ya bodi kama mfuniko wa sanduku, kina kufuli na vile vibomba vya gesi vinavyokinyanyua chenyewe ukibonyeza. Wee! Nilipelekwa kukiona, na kusema ukweli ni bomba. Ukikiweka kwenye gari, hata ya kubeba vitunguu, utadhani mwenyewe ni meneja wa mradi wa wafadhili. Muuzaji akatuambia kitapunguza hata mafuta, kwa sababu upepo hautaingia kwenye bodi. Braza akanigeukia na macho ya ushindi. Mimi nikauliza swali moja tu: gari inayoshinda imesimama kwenye foleni ya Buguruni, upepo huo unatoka wapi? Halafu hata kwenye mwendo, hewa huwa inazunguka ndani ya bodi iliyo wazi na kufanya kama mto, upepo mwingine unapita juu yake, kwa hiyo faida yenyewe ni kiduchu.

Tatizo la kile kifuniko wala halikuwa upepo, lilikuwa kimo. Mbavu za bodi letu hazifiki hata nusu mita. Ukiweka mfuniko bapa, mzigo wako wote uishie hapo. Matenga ya nyanya yanapandana mawili mawili, yatakaa wapi? Kabati la mpangaji je? Kulilaza, labda. Na ukiendesha kifuniko kikiwa kimeachama, kitang'oka bawaba kabla hujafika Ubungo.

Tukaangalia na kanopi, ile nyumba ya faiba yenye vioo ambayo mnaiona kwenye gari za mashirika. Kwa usalama inashinda vyote, na mvua haiijui. Lakini ni makumi ya kilo umeshayapakia kabla hujapakia kitu, na mshusha mzigo lazima aingie ndani ameinama kama anayeingia kwenye banda la kuku kuvuta gunia lililo mbele. Halafu joto! Funga mchicha mle ndani saa sita mchana, ukifika shuleni umeshaiva, bado nazi tu. Bei nayo ilikuwa ya milioni kadhaa. Mama aliposikia akaniuliza kama inakuja na choo na jiko.

Ikabaki turubai, lakini turubai la maana, la kuwambwa juu ya mabomba yaliyopindwa. Jioni ile nilipolitaja mezani, braza akaweka kijiko chini.

"Mimi siendeshi gari ya turubai," akasema. "Wenzangu wananiita mzee wa mnadani. Mkiweka turubai tafuteni dereva, mimi nakwenda kutafuta kazi kwenye daladala."

Mama hakujibu. Aliendelea kutoa miba kwenye samaki kama hajasikia, lakini mkono ulikuwa unatetemeka, nikauona. Mama hajui kuendesha. Dereva wa kuajiri ni mshahara, na huyo hujui atauza mafuta ya gari kituo gani. Bila braza hakuna Mabibo alfajiri, bila Mabibo hakuna ada ya mdogo wetu. Kwa hiyo mnaoona habari ya kufunika pikapu ni ya kitoto, hapo kwenye meza ile haikuwa ya kitoto hata kidogo.

Sikutaka kubishana naye usiku ule. Asubuhi nikamwambia, "Braza, nisindikize Gerezani, mafundi wakiona msichana wanapandisha bei." Hilo hawezi kukataa. Tukamkuta fundi mmoja mtu mzima, tukampa shikamoo yake, akaitikia bila kuinua uso kwenye cherehani. Hakuuliza tunataka nini. Aliuliza, "Gari inabeba nini?" Na hakuniuliza mimi mwenye daftari, alimuuliza dereva.

Basi braza alivyojibu! Nyanya hivi, sembe hivi, gunia la mkaa linakaa upande huu kwa sababu springi ya kushoto imelegea, kabati lazima lisimame, mlango wa nyuma lazima ufunguke mpaka chini kwa sababu wapakiaji wanakanyaga pale. Nusu saa nzima. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea kuhusu kazi ile kama kazi yake.

Mzee akatufundisha. Kuna turubai la pamba, lile zito la kihema. Likilowa, nyuzi zake zinavimba na kuziba matundu, na likikauka linapumua, mboga haziungui. Ila ukilikunja bichi linaota ukungu, na mzigo ukiligusa kwa chini wakati wa mvua, maji yanapenya pale pale. Kuna lile lililopakwa plastiki nzito, maji hayapiti kabisa, hudumu juani, lakini kwa ndani linatoka jasho. Kwa sembe zuri, kwa mchicha shida. Braza ndiye aliyeuliza, "Sasa mzee, si tuchukue la plastiki nzito, halafu pande za nyuma na mbele zikunjwe juu, hewa ipite?" Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kijana, umeshawahi kushona?"

Hapo mimi na daftari langu tukafanya hesabu. Bodi lina upana wa mita moja na nusu. Mabomba yasimame sentimita 90 juu ya mbavu, kila upande, na turubai lishuke sentimita 25 chini ya ukingo ili maji yasiingie. Jumla ni karibu mita 4 za kitambaa. Mama baadaye alidhani tumeibiwa. Na juu pasiwe bapa, pawe na mgongo, maana sehemu ya mita moja ya mraba ikibonyea sentimita 10 tu, maji yatakayosimama pale ni lita 100, ambayo ni kilo 100. Ni sawa na kupandisha gunia zima juu ya kitambaa. Fizikia ya Fomu Tuu ilinifaa siku hiyo kuliko siku ya mtihani.

Mabomba ni ya robo tatu, hayakuchomelewa moja kwa moja. Kwenye kona pamechomelewa vipande vya bomba pana, haya membamba yanachomekwa na kuchomolewa. Kabati likija unang'oa yote kwa dakika chache. Kipande cha mbele kinalalia juu ya cha nyuma kama vigae vya nyumba, upepo usipate pa kuingilia. Kamba ni ya manila, na mzee alitukataza mpira wa tyubu kwa safari ndefu kwa sababu unavutika na turubai linaanza kupiga makofi mpaka lichanike. Kwa wale wa kwenye foleni, braza akabuni mwenyewe sanduku la chuma nyuma ya kebini, lina kufuli mbili, la kuwekea mafuta na vitu vya thamani. Nyanya, nani atadandia gari aibe tenga?

Tukiwa njiani kurudi ndipo akanitolea lililokuwa moyoni. Miaka miwili anaendesha, anapewa hela ya chai na ya vocha. Ana miaka 27. Kile kifuniko cheusi alikitaka kwa sababu, nanukuu, "angalau kuwe na kitu kimoja kwenye ile gari ambacho ni changu."

Nililifikisha kwa Mama usiku, yeye akiwa nje anaoga. Mama alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza kifuniko kile bapa kingeweza kubeba makabati ya wahamaji. Nikamwambia hapana. "Na turubai?" Likitolewa, hata makabati mawili. "Basi mwambie hela ya kuhamisha watu, kuanzia mwezi huu, ni yake yote. Mafuta juu yake. Na asiniletee habari za daladala."

Nikamwambia amwambie mwenyewe. Akamwambia, akiwa amempa mgongo, anakunja nguo. Braza alijibu "Haya Mama," basi.

Rangi ya turubai alichagua yeye, nyekundu ya damu ya mzee, mpaka majirani wakauliza kama tumefungua bendi. Siku lilipofungwa Mama alimwagia ndoo nne za maji juu, akapanda ndani na tochi kukagua mishono, akatoka amekauka. Mwisho wa mwezi uliopita braza alihamisha familia tatu kwa siku mbili, mabomba yamelazwa pembeni, kabati la milango mitatu limesimama wima kama mgombea ubunge. Sasa ameanza kuulizia rimu.