Changarawe ya Buluu

Miaka ya 1990 tangi la samaki la baba, sebuleni kwetu Dar es Salaam, lilitandikwa changarawe ya buluu. Ndivyo watu walivyopenda wakati ule: mawe ya rangi, ngome ya plastiki, samaki wa dhahabu wawili watatu. Wageni waliisifu changarawe kama pambo, lakini kazi yake ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Chini yake kulikuwa na sahani ya plastiki yenye matundu, na pampu ya hewa iliyapitisha maji katikati ya mawe. Bakteria walioshikamana na mawe hayo waliigeuza amonia itokayo kwa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Changarawe ndiyo iliyokuwa chujio.

Mambo yalibadilika mjomba aliporudi kutoka Kigoma na samaki wa Ziwa Tanganyika, wale Lamprologus ocellatus wasiozidi urefu wa kidole. Huyu ni samaki wa ajabu. Anaishi ndani ya gamba tupu la konokono, na kule ziwani magamba ya konokono aitwaye Neothauma yametapakaa juu ya mchanga. Huchimba chini ya gamba lake, akalizamisha mpaka ubaki mlango tu, na humo ndimo anamojificha na jike anamotagia mayai.

Kwenye changarawe hakuweza. Alibeba jiwe kwa mdomo, likamshinda, akaliacha, akarudia tena. Baba alikuwa akiwatazama jioni hata jioni, mwisho akamwambia mjomba, "Shemeji, umetuletea wenye nyumba bila kiwanja."

Tukaamua kuweka mchanga. Mchanga mweupe wa pwani una vipande vya matumbawe: ukiukamulia ndimu hutoa povu, na ukikaa majini huongeza chokaa. Kwa samaki wengi hilo ni tatizo, ila maji ya Tanganyika yenyewe ni ya magadi, pH yake huwa karibu 9, kwa hiyo kwao ni sawa. Baba alichukua zaidi mchanga wa mtoni, ule wa mafundi ujenzi, akauchekecha, akachanganya na wa pwani kidogo uliooshwa mpaka chumvi ikaisha.

Hatari kubwa ilikuwa kwenye kutoa changarawe. Ukiizoa yote kwa mkupuo, umewatoa bakteria pamoja nayo, na katika maji yenye magadi amonia huwa sumu kali zaidi. Baba alikuwa mtu wa subira. Kwanza aliweka chujio la sponji, likafanya kazi sambamba na la zamani kwa wiki kadhaa ili bakteria wahamie humo. Kisha akawa anaitoa changarawe sehemu kwa sehemu. Nyingine aliitia katika soksi ya nailoni akaining'iniza majini. Sahani nayo ikatoka, maana mchanga ungeiziba. Mchanga aliushusha taratibu kupitia bomba mpaka chini, na bado maji yalichafuka siku nzima.

Yalipotulia, samaki walikuwa wameshaanza kuchimba. Magamba yakazama moja baada ya jingine, dume akaweka mipaka yake, na baadaye watoto wadogo kama punje za mchele wakaanza kuchungulia mlangoni. Tulikuwa tumefuga samaki miaka mingi, lakini hapo ndipo nilipoona maisha yao.

Mimi sasa natumia mchanga tu, kina cha sentimita tatu au nne. Ukizidi na usipochimbuliwa, hewa haifiki chini, nao huwa mweusi na kunuka mayai viza. Madukani siku hizi umeingia udongo maalumu wa mimea unaoshusha pH. Ni mzuri kwa mimea, ila usiwawekee samaki wa Tanganyika.

Nawe ukienda kununua samaki, muulize muuzaji kwanza wametoka maji gani na huko wanakaa juu ya nini. Tandika sakafu hiyo kabla hujawaleta nyumbani.